Kabla hujatafuta wadhamini, soma hati ya mashtaka

Ndugu yako akifikishwa mahakamani, usianze kukimbilia barua ya serikali ya mtaa wala kuazima hati ya nyumba ya mkweo. Uliza kwanza kashtakiwa kwa kosa gani, kwa jina kamili kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka.

Nimeshamdhamini mtu zaidi ya mara moja hapa Mwanza, lakini kesi ya shemeji yangu ndiyo iliyonifundisha hilo. Ni mvuvi wa Kirumba, alidaiwa kupora nyavu ziwani akiwa na panga. Nyumbani tukasikia "kesi ya nyavu", tukajua ni wizi. Kumbe hati inasema unyang'anyi wa kutumia silaha, na panga ni silaha. Kosa hilo halina dhamana, sawa na mauaji, uhaini, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine kadhaa. Hakimu awe na huruma kiasi gani, hawezi kumtoa.

Dada alikuwa ameshauza dagaa wake ampe bwana mmoja wa pale nje ya mahakama, eti "ataongea na watu", maana sheria ya kunyima dhamana ilishafutwa. Watu hawa huaminika kwa sababu wana nusu ya ukweli. Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete iliyoanzia huku huku Kanda ya Ziwa, Mahakama ya Rufani ilibatilisha aya moja ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kile kinachotaja makosa yasiyo na dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema kifungu kizima kinakiuka Katiba. Watu wakashangilia. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, katika shauri la Dickson Sanga. Mimi sikufurahia kutenguliwa huko (mtu anasota gereza la Butimba upelelezi "haujakamilika"!), ila hiyo ndiyo mahakama ya juu kabisa nchini.

Hela ya dagaa tukampa wakili, abanane na hoja ya panga. Upande wa mashtaka ukibadilisha kosa kuwa wizi wa kawaida, dhamana inafunguka.

Hapo sasa ndipo utafute wadhamini, na uwachague wenye anwani ya kudumu. Hakikisha jina kwenye barua ya mtaa linafanana na la kitambulisho cha NIDA, hadi herufi. Nimeona mdhamini akirudishwa Igoma saa nane mchana kwa ajili ya "Masanja" iliyoandikwa "Massanja", na mshtakiwa akapandishwa karandinga.