Kabla hujamchoma mtu kidole, muulize lini

Wadogo zangu mlioanza kazi ya ushauri nasaha na upimaji wa VVU mwaka huu, nawapenda, lakini mnanipandisha presha. Juzi nimepita mlangoni nikamsikia mmoja wenu akimwambia mteja, "Hongera, uko salama!" Mstari mmoja kwenye kipimo, kicheko, mteja ananyanyuka, anaitwa anayefuata. Rejesta imejazwa vizuri, mwandiko wa kupendeza kabisa. Ila kilichomleta yule mtu hakuna aliyekiuliza. Naandika haya kabla hasira hazijapoa.

1. Swali la kwanza ni lini. Hayo ya nani na ilikuwaje yatafuata, na "kwa nini" msiulize kabisa, nyie si mahakimu. Mara ya mwisho alipokuwa kwenye hatari ilikuwa lini? Kama ni ndani ya saa 72, hiyo ni dharura. Mpime, na kama hana VVU, ameze dozi ya kwanza ya PEP, dawa za kuzuia VVU visishike baada ya mtu kuwa hatarini, kabla hajatoka, maana kila saa inayopita inaipunguzia dawa nafasi ya kufanya kazi. Kisha aendelee siku 28 bila kuruka. Kama saa 72 zimepita lakini miezi mitatu haijafika, mstari mmoja bado haujasema neno la mwisho. Vipimo vyetu vya haraka vinatafuta kingamwili, na mwili unachukua wiki kadhaa kuzitengeneza za kutosha kuonekana.

Najua mnayajua haya, mtihani mlifaulu. Hata mimi niliyajua, ndiyo maana naona aibu kusimulia.

Siku hiyo foleni ilikuwa imefika nje, vitendanishi vinaelekea kuisha, na ripoti ya mwezi inadaiwa. Akaingia kijana mmoja, amefunga shati mpaka kifungo cha juu. Nikamshushia hotuba yangu ya njia za maambukizi na kinga. Nilikuwa naijua kwa moyo, naitoa bila kuvuta pumzi. Nikamchoma kidole, tone la damu, bafa, tukasubiri. Tukiwa tunasubiri akasema taratibu, "Kondomu ilipasuka." Mimi, mtaalamu, nikafungua droo, nikatoa sanamu, nikaanza kumfundisha namna ya kuvaa kondomu! Bana ncha hewa itoke, kunjua mpaka chini. Akawa anaitikia kwa kichwa, mtoto wa watu ana adabu zake. Kipimo kikatoa mstari mmoja. Nikampa mkono wa pongezi na kumwandikia tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu.

Alirudi tarehe ile ile. Mistari miwili. Kipimo cha pili, miwili. Cha tatu, miwili. Alinyamaza, kisha akauliza bila ukali wowote: "Ilipasuka usiku, mimi nikaja asubuhi. Hakukuwa na kitu cha kufanya?"

PEP zilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti changu. Ningezifikia bila kunyanyuka.

Nilitamani kudanganya, na uongo wa kitaalamu ulikuwa tayari mdomoni. Nikamwambia kilikuwepo cha kufanya, na mimi ndiye sikuuliza. PEP si kinga ya asilimia mia, hilo kweli, lakini nafasi ilikuwa yake, na nikampokonya kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kumfundisha. Alianza ARV siku hiyo hiyo. Sasa wingi wa virusi hauonekani kwenye kipimo, ameoa, na mkewe hana maambukizi. Wenzangu hunifariji kwamba basi yameisha vizuri. Yameisha vizuri kwa nani? Yeye ndiye anayemeza kidonge kila siku.

2. Acheni hongera. Mpe mtu majibu yake, halafu mzungumzie kesho. Kama hatari ipo palepale, huyo ni mtu wa PrEP, dawa za kinga zinazotumika kabla ya hatari, na anayemaliza PEP anaweza kuunganisha moja kwa moja. Asiyeweza vidonge, sindano zipo: cabotegravir kila miezi miwili, na lenacapavir mara mbili kwa mwaka, ambayo WHO iliipendekeza Julai 2025. Kama kwenu hazijafika, msimtamanishe mtu. Na hakuna PrEP bila kupima kwanza. Dozi ya kinga kwa mtu ambaye tayari ana VVU haimtibu, inawafundisha virusi usugu.

3. Wenza wenye majibu tofauti waambieni ukweli kwa sauti. Anayemeza ARV vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Utafiti wa PARTNER, uliotoa matokeo 2016 na 2019, ulifuatilia wenza waliokuwa wakijamiiana bila kondomu na haukukuta hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza wa aina hiyo. Mmoja wenu nimemsikia akiwanong'oneza mume na mke kana kwamba anatoa siri ya ukoo. Nikamuuliza kulikoni, akasema anaogopa "watajiachia". Mwanangu, hao ni mume na mke! Ulitaka wafanye nini? Waeleze tu kwamba kondomu bado inazuia kaswende na kisonono, na kwamba habari ya kunyonyesha ina maelezo yake: hatari inashuka sana, haifiki sifuri.

4. Kondomu: moja tu, si mbili kwa pamoja. Isifunguliwe kwa meno. Mafuta ya kupaka yanaharibu mpira, vilainishi viwe vya maji.

5. Mwenza wa mteja hapigiwi simu bila ridhaa ya mteja, hata kama takwimu zenu za mwezi zinalia. Na kabla ya kuomba ridhaa, muulizeni kama atapigwa akirudi nyumbani.

6. Yule anayefika mlango unafungwa, mnayemwonyesha saa ya ukutani, mara nyingi amelizunguka jengo tangu asubuhi akijipa moyo. Mpokeeni, saa zake 72 zinahesabika usiku pia. Na mniambie funguo za kabati la PEP zinalala wapi, maana wiki iliyopita zilikwenda nyumbani kwenye mkoba wa mtu.