"Instigate" ni kuchochea, na imeanzia kwenye ncha ya kijiti

Mleta uzi ameuliza "instigate" maana yake nini, imetoka wapi, na kama inafaa kwenye barua ya kazi anayoiandika kuhusu bosi wake na mradi wao, ambayo sentensi ya kwanza kaweka "instigated". Mkuu mi hili neno lilinipa somo kazini ngoja nikueleze vizuri.

Kuna kipindi nilikuwa naandika muhtasari wa vikao kwa kiingereza. Dada mmoja wa ofisini alikuwa amewahamasisha wenzake wamalize kazi iliyokwama, mi nikaandika "she instigated the staff", nilitaka kumsifia kabisa na niliona neno limekaa kisomi. Kesho yake kaja mezani kwangu na karatasi, kidole kakiweka juu ya lile neno, ananiuliza kwa upole, "Kaka, kwani mimi nimewachochea watu?" Iliniuma sana aisee maana muhtasari ulishasambazwa kwa wakubwa. Nikamwomba radhi, nikabadilisha nikaweka "encouraged", nikautuma upya kwa wote.

Baada ya hapo ndo nikakaa na kamusi. Hilo neno limeingia kiingereza karne ya 16, limetoka kwenye kilatini "instigare", yaani kumsukuma mtu atende, na mzizi wake wa zamani kabisa ni kuchoma kwa kitu chenye ncha. Mzizi huohuo ndo umezaa "stick", kile kijiti, umezaa "instinct" na kupitia kigiriki umezaa "stigma", ambayo mwanzo ilikuwa alama ya kuchomwa mwilini. Vuta picha ya mtu anaswaga ng'ombe na mchokoo: ng'ombe kasimama, unamgusa na ncha, anaondoka. Hakuamua mwenyewe, kuna mkono nyuma yake.

Na kiswahili chetu kimepita njia ileile bila kumuiga mtu, hapa ndo huwa nafurahi. Kuchokoa ni kuchimbua kwa kitu chenye ncha, kama unavyochokoa meno, halafu sikiliza kuchokoza. Kuchochea nayo ni kazi ya jikoni, unasogeza kuni ndani moto uwake, ndo ikaja kuwa uchochezi. Kwa hiyo yule dada alivyosema "nimewachochea" alikuwa ametafsiri sahihi kuliko mimi niliyeandika.

Sasa matumizi. Ukimweka mtu mbele yake, "instigate someone", msomaji anasikia uchochezi, anatafuta ubaya uko wapi. Ukiweka jambo, mfano "instigate an inquiry", hapo ni kuanzisha uchunguzi rasmi, haina ubaya wowote na Waingereza wanaiandika sana hivyo. "Incite" ni kali zaidi, inatembea na fujo na chuki, hiyo usiiguse kwenye barua labda unamshtaki mtu. Ukitaka upole kuna "prompt", ambayo kwenye tamthilia ni kumnong'oneza mwigizaji maneno aliyoyasahau, yaani unamgusa kidogo tu anaendelea mwenyewe.

Kwa barua yako mkuu, kama bosi wako ndo alianzisha ule mradi andika "initiated", na kama aliwapa watu moyo andika "encouraged".

Hiyo "instigated" uliyoiweka kwenye sentensi ya kwanza itoe kabla hujatuma.