Kutafuta maneno marefu ya Kiingereza yenye G, H, P na Y

Mkuu, umeuliza unapataje maneno marefu ya Kiingereza yenye herufi G, H, P na Y zote ndani ya neno moja, kwa ajili ya mashindano ya wanafunzi wako, na swali la pili ukaweka Q na Z. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi na bado nasimamia klabu ya Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu. Mambo haya nayapenda sana.

Kwanza waeleze wanafunzi huu ni mchezo gani, kwa sababu iko miwili na watu huichanganya. Kipindi cha Countdown cha televisheni ya Uingereza, kilichoanza 1982, kinampa mchezaji herufi tisa na sekunde 30, na haruhusiwi kutumia herufi nyingine yoyote nje ya hizo. Mashindano yako si ya hivyo. Kwako herufi nne ni lazima ziwemo, halafu mwanafunzi anaongeza anazotaka. Kwa hiyo kuzipanga na kuzipangua hizo nne kutwa nzima hakutamfikisha popote. Anatakiwa ajiulize: hizi herufi huwa zinatembea na nani?

Angalia P na H. Zikikaa pamoja kutoa sauti ya F, hapo ujue karibu kila mara neno lina asili ya Kigiriki, na Y nayo hupenda sana maneno ya asili hiyo. Ongeza G na tayari una -graphy mkononi, herufi zako zote nne zimeingia. Mimi huwaambia wanafunzi waandike GRAPHY mwisho kabisa wa mstari, upande wa kulia wa karatasi, waache nafasi kubwa kushoto, kisha wajaze mbele yake. Mara moja wanaanza kutoa geography, biography, photography. Msichana mmoja wa kidato cha pili alitoka na cryptography, herufi 12, wenzake wakataka kamusi ifunguliwe kwanza. Ilifunguliwa, na neno limo. Ukiendelea kusukuma kushoto unapata bibliography yenye 12, autobiography 13, cinematography na historiography zenye 14 kila moja, crystallography 15. Hospitalini kuna electrocardiography, kipimo cha moyo, herufi 19, na kile cha ubongo, electroencephalography, herufi 22.

Lakini wengi huishia hapo, wakasahau kwamba neno hurefuka kulia pia. Toa Y ya photography, weka -ically, unapata photographically yenye 16. Fanya hivyo kwa autobiography, linakuwa autobiographically, 18. Na si lazima iwe -graphy. Majina ya masomo ni hazina: psychology na physiology yana herufi zote nne, na psychologically na physiologically yanafika 15 kila moja. Mwanafunzi anayejua saikolojia na fiziolojia kwa Kiswahili anakaribia kuyapata mwenyewe, kinachobaki ni tahajia tu.

Njia ya pili ni -ing. Kiambishi hiki kinakuletea G bure, basi unabaki na H, P na Y tu za kutafuta. Chukua kitenzi chenye hizo tatu, sympathise, na sympathising hiyo hapo, herufi 12. Njia hii naipenda kwa wanafunzi wasio na msamiati mkubwa, kwa sababu vitenzi wanavijua kuliko majina ya kisayansi.

Njia ya tatu ni GH ile isiyotamkwa, ya Kiingereza chenyewe, kama kwenye right na wright. Hapo kuna playwright, herufi 10, na copyright, 9. Hili copyright ukilivalisha un- mbele na -able nyuma linakuwa uncopyrightable, herufi 15 na hakuna hata moja iliyojirudia! Liandike ubaoni uwaache walihakiki wenyewe, herufi moja baada ya nyingine. Darasa zima litanyamaza likihesabu.

Kwa kusahihisha, kama una kompyuta ya Mac, au ya Linux yenye faili la orodha ya maneno /usr/share/dict/words, huhitaji tovuti yoyote. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

grep g /usr/share/dict/words | grep h | grep p | grep y

Grep ni amri ya kutafuta mistari yenye herufi fulani; kila grep inachuja mistari iliyopita kwa ile ya kabla yake, na mwishoni yanabaki maneno yenye zote nne tu. Ukitaka P mbili ndani ya neno moja, andika grep 'p.*p'. Angalizo: faili hilo la maneno kwenye Mac limetokana na kamusi ya Webster ya 1934, limejaa maneno ya kizamani na linakosa maumbo mengi ya wingi na ya -ing. Mwanafunzi akileta sympathising na kompyuta isilionyeshe, usimnyime alama, fungua kamusi.

Sasa Q na Z. Q karibu daima inakuja na U, basi itaje hiyo QU kama herufi moja. Z mara nyingi inatoka kwenye -ize, na hapa ndipo penye ugomvi, maana shule zetu zinafuata tahajia ya Uingereza ambako wengi huandika -ise. Amua kabla ya mashindano. Mimi huruhusu zote mbili, kwa kuwa hata kamusi za Oxford zinatumia -ize. Ukiruhusu, wana quantization yenye 12, tranquillizer 13 na tranquillization 16. Ukikataa, wana quizmaster na quizzically, na hayo nayo si haba kwa kidato cha kwanza.