Muulize Bibi Afya: Watu wamechoka na kipaza sauti

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni afisa afya wa kata, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Kata yangu iko kando ya mto, ina vijiji vinne, na mvua zikikolea viwili kati yake havifikiki hata kwa pikipiki. Kila masika wagonjwa wa kuhara wanaongezeka. Nimepita na kipaza sauti, nimebandika mabango ya kunawa mikono mpaka kwenye miembe. Watu wananiitikia "ndiyo, bwana afya", kisha wanarudi kunywa maji ya mto vilevile. Nikiomba mafuta naambiwa fungu limeisha. Nianzie wapi?
Afisa afya wa kata

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na masika. Kazi hiyo nimeifanya miaka 31, nami nilianza na kipaza sauti kama wewe, kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili.

Hao wanaokuitikia "ndiyo" hawakudharau. Habari ya kunawa mikono wameisikia tangu wakiwa shuleni. Wasichokipata kwako ni kitu cha kufanya leo jioni, kwa ndoo ileile waliyonayo. Tena kipaza sauti hakiulizwi swali. Kikishapita, kimepita.

Mwaka 1973, nikiwa darasa la tatu, kijijini kwetu ilifika kampeni ya Mtu ni Afya. Radio Tanzania ilirusha kipindi kila wiki kwa wiki 12, na nchi nzima watu wazima wapatao milioni 2 walikisikiliza wakiwa kwenye vikundi. Baba alikuwa kiongozi wa kikundi chetu. Jioni tunaketi chini ya mwembe, redio juu ya kigoda, watu kimya. Kipindi kikiisha anaizima na kuuliza: "Haya, na sisi hapa je?" Basi hapo ndipo maneno yanapoanza, maana kila mtu anajua kwa jirani hakuna choo, na jirani naye yupo hapohapo. Hawaondoki mpaka wamekubaliana jambo moja la wiki ile. Choo chetu cha kwanza kilichimbwa Jumamosi iliyofuata. Mama alishika kamba ya kupimia kina, na mimi nilibeba udongo kwa karai. Vyoo vingi sana vilichimbwa nchini mwaka ule, na vilichimbwa na watu waliokwisha kubishana kwanza.

Kwa hiyo mwanangu, weka kipaza sauti chini uende kisimani. Nikueleze lililonitokea. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoanzia Dar es Salaam mwezi Agosti na kusambaa mikoani, nilikuwa kwenye kata ya bondeni kama yako. Nilikuwa na kile kichupa cha kupimia klorini, yaani dawa ya kusafisha maji ya kunywa, pamoja na vidonge vyake vichache vya kupimia. Asubuhi moja mama mmoja akaniambia maji ya kwake yana dawa, aliitia jana. Tukaenda kwake, nikachota kidogo, nikadondosha kidonge. Maji yakabaki vilevile, hayana rangi. Nikachota ya jirani yake, aliyetia dawa alfajiri kwenye dumu lenye kifuniko. Yakageuka pinki palepale, maana dawa ilikuwa bado imo. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimezungukwa na wanawake kumi, kila mmoja na kikombe chake, "na ya kwangu, na ya kwangu".

Tukarudi kuitazama ndoo ya yule mama wa kwanza. Iko wazi, kikombe kinaelea ndani, na mtoto anakuja kuchota huku mkono umezama mpaka kwenye kifundo. Dawa aliitia kweli, hakunidanganya. Ila klorini hupotea kwenye chombo kilicho wazi, na kila uchafu unaoingia unaila. Mimi sikusema kitu. Yeye mwenyewe alishika kiuno akasema, "Kumbe ni kikombe!" Wiki iliyofuata nilikuta nyumba nyingi za mtaa ule zimehamisha maji ya kunywa kwenye madumu, yanamiminwa. Na hayo yote bila kubandika hata bango moja.

Maji ya mto yana tope, kwa hiyo wafundishe kuyaacha yatulie, kisha wayachuje kwa kitambaa safi, ndipo watie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Wangoje nusu saa kabla ya kunywa. Hiyo nusu saa wengi wanairuka.

Sasa fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati zinaingiziwa fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na matumizi yanapitia kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ndani yake wamo wanakijiji wenyewe. Nenda huko. Lakini usiende kuomba mafuta, maana ukisema mafuta wanaona pikipiki yako. Kaa na mganga wa zahanati, mfungue rejesta ya wagonjwa wa nje ya MTUHA, yaani vile vitabu vya kuwekea taarifa za huduma za afya, uhesabu waliohara masika yaliyopita, kitongoji kwa kitongoji. Uchore kwa mkono kwenye karatasi kubwa: mto, visima, nyumba, nukta kwa kila mgonjwa. Mwenyekiti wa kitongoji akiona nukta zimerundikana kwake, yeye ndiye atakayeuliza ziara yako inagharimu kiasi gani. Hapo ndipo uweke ya mafuta, klorini na vidonge vya kupimia, kwa bei za dukani. Ila wahi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango inaandikwa miezi mingi kabla, na anayekwenda Mei kuomba anajibiwa ulivyojibiwa wewe.

Na vile vijiji viwili visivyofikika, vipelekee dawa na vichupa kabla ya mvua, uwaachie wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoishi hukohuko. Wapime nao mara mbili mbele yako, wazoee. Mvua zikifunga njia, wewe baki na simu yenye chaji.

SWALI: Bibi, mjukuu wangu wa miaka miwili anaharisha na dukani chumvichumvi ya pakiti imeisha. Naweza kutengeneza mwenyewe? Mdogo wangu anasema nimnyime maji ili kuhara kukatike.
Bibi wa wajukuu watatu, Lindi

JIBU: Usimnyime, bibi mwenzangu. Kinachoua ni kukaukiwa maji. Chukua lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya mlima, kwani chumvi ikizidi inamdhuru. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo; akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena. Chakula aendelee nacho, na kama bado ananyonya, anyonye. Kesho asubuhi mpeleke zahanati akapewe pakiti na vidonge vya zinki, ambavyo atavimaliza siku 10 hadi 14 hata kuhara kukiisha. Lakini ukiona macho yamedidimia, hakojoi, amelegea, hawezi kunywa, au kuna damu kwenye choo, usingoje kesho. Mbebe sasa hivi, na kikombe chake mkononi, umnyweshe njiani.