Kabla ya kubandika bandeji ya kuua bakteria

Kumuuguza mama kidonda cha mguu kumenifunza kwamba bandeji za kuua bakteria zina nguvu kweli, ila nusu ya kazi hufanyika kabla hujaibandika. Bakteria katika kidonda cha muda mrefu hujijengea utando wa utelezi, na dawa hupenya humo kwa shida. Kwa hiyo tulinawa mikono, tukaosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, ndipo tukafunga. Nyama iliyokufa ilikuwa kazi ya muuguzi. Wembe wa nyumbani usiguse hapo. Spiriti nayo tuliiacha kabatini, maana huunguza pia chembe changa zinazoota.

Zipo bandeji zenye madini ya fedha, zenye ayodini na zenye asali ya tiba. Baadhi ya zile za ayodini huwa na rangi ya kahawia, na rangi ikififia ujue dawa imekwisha. Mjamzito, anayenyonyesha au mwenye ugonjwa wa tezi ya thairoidi amwulize daktari kwanza, kwa sababu ayodini huweza kuingia mwilini kupitia kidonda. Ya asali huvuta majimaji, hivyo kidonda hulowa sana siku za mwanzo na huweza kuchoma. Mama aliilalamikia hadi tukabadilisha. Asali ya jikoni msiipake, tafadhali. Haijatakaswa, na inaweza kubeba mbegu za bakteria.

Kuhusu ya fedha, muuguzi wetu alikuwa na msimamo ninaoukubali kabisa: baada ya wiki 2 kidonda kikaguliwe upya. Kikiwa kimesafika, hamia bandeji ya kawaida. Kama hakijabadilika, tatizo huenda liko kwingine: mzunguko wa damu, sukari, au uvimbe wa mguu. Kuendelea kubandika ile ile ni kupoteza muda wa mgonjwa.

Wapo watakaokushauri uache kidonda wazi kipigwe na hewa. Tangu 1962, majaribio ya mtafiti George Winter kwa nguruwe yalionyesha kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi mpya haraka kuliko lililoachwa likauke.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutazama ngozi inayozunguka kidonda. Chora mstari kwa kalamu pale wekundu unapoishia. Wekundu ukivuka mstari, maambukizi yanasambaa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono usikilizie joto, na uangalie uvimbe au weusi uliozidi. Homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa au michirizi inayopanda mguuni ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, kwani hapo bandeji peke yake haitoshi, zinahitajika antibayotiki. Na mwenye kisukari asisubiri maumivu: miguu yake inaweza kuwa imekufa ganzi, kidonda kikaoza bila yeye kuhisi chochote.