Darasa letu la 1990, na ile habari ya waliofeli wakatajirika

Kijana ameuliza hivi: mtihani wa kidato cha nne amepata divisheni ya nne, daraja la mwisho kabla ya sifuri, nyumbani wamemnunia, na mtaani anaambiwa asijali kwa sababu waliofeli ndio wenye pesa na waliofaulu wanawaomba kazi. Anataka sisi tuliosoma zamani tumwambie ukweli, wenzetu wa darasani wako wapi leo. Mwanangu, mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 1990, divisheni ya nne, pointi 28. Nakujibu kama mtu aliyewahi kusimama hapo hapo uliposimama.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, Njombe, enzi hizo Njombe ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Iringa. Mimi ni mtu wa Ifakara, bonde la Kilombero. Tulipanda treni ya TAZARA kwa waranti ya serikali, tranka kichwani, tukashuka Makambako usiku na ile baridi inayong'ata masikio, ndipo tutafute basi au lori la kutufikisha Njombe. Kwa mtoto wa Kilombero aliyezoea jasho la mashamba ya mpunga, Julai ya kwanza nilidhani sitaimaliza. Wenzangu walitoka Mtwara, Kigoma, Tanga. Serikali ilituchanganya makusudi, na ndiyo maana mpaka leo karibu kila mkoa nina mtu wa kunipokea stendi.

Nianze na tajiri, maana ndiye unayetajiwa. Kweli yupo. Alipata sifuri, na leo ana malori yanayokwenda Tunduma na nyumba za kupangisha. Kwenye misiba na harusi watu wanamnyooshea kidole: mwoneni huyu, alifeli! Wanachoruka ni kwamba baba yake alikuwa na mashine mbili za kukoboa mpunga na lori moja. Matokeo yametoka leo, kesho yake kijana amekaa kando ya dereva anajifunza njia. Mara ya kwanza alipoingiza hasara, mchele ulinyeshewa njiani ukaoza, mzee alilipa, kijana akarudi barabarani. Namheshimu, ni mchapakazi, halali yake anaila. Ila usiniambie sifuri ndiyo iliyomtajirisha.

Kwa sababu yupo mwingine aliyepata sifuri ile ile, na tena nilikaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa kibarua wa shamba. Huyu sikumsikia kwa miaka mingi, mpaka 2019 nilipokuwa Morogoro sokoni natafuta nyanya. Mtu anasukuma mkokoteni wa viazi, kichwa chini, anapaza sauti "njia, njia". Nikamtambua kwa kovu la kwenye nyusi, alilopata tukichanja kuni za jikoni shuleni. Nikamwita kwa jina letu la bwenini. Akasimama, akanitazama kidogo, akasema, "Bosi, umenifananisha." Akasukuma. Nilimfuata mpaka aliposhusha mzigo. Tukanywa chai. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mwalimu wa Hisabati bado yuko hai. La pili, tafadhali nisiwaambie wenzetu kwamba nimemwona anasukuma mkokoteni.

Sasa fikiria. Anayesimuliwa ni yule wa malori. Huyu wa viazi anajificha, simu yake ni ya tochi, kwenye kundi letu la WhatsApp hayumo. Kwa hiyo anayehesabu waliofeli wakafanikiwa anahesabu wanaojitokeza tu.

Waliofaulu nao wamegawanyika. Tulikuwa na mmoja tukimwita Profesa. Alikuwa anapiga msuli kwa mwanga wa chemli hadi usiku wa manane, divisheni ya kwanza, akaenda kidato cha tano kusoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, akapita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kabla haijasitishwa mwaka 1994, akasomea uhandisi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipomaliza, mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini kila kona. Kiwanda kilichomwajiri kiliuzwa akiwa mwaka wa pili, akapewa chake akaambiwa kwaheri. Akaanza kufundisha tuisheni Dar. Yuko kwenye ualimu mpaka leo, kwenye shule ya binafsi, na wanafunzi wake wanampenda. Hakuwahi kumwomba kazi mtu wa malori. Ukimuuliza atakwambia hisabati haikumtupa, kilichomtupa ni kiwanda.

Lakini mtu ninayetaka umfahamu si kati ya hao.

Tulikuwa na msichana, kichwa cha Baiolojia. Mwalimu akikosekana, yeye ndiye aliyesimama mbele akachora moyo ubaoni na vyumba vyake vinne, na sisi wavulana tunanakili. Mwaka 1989, tukiwa kidato cha tatu, wasichana walipangwa mstari wakapimwa mimba. Jioni akapewa barua. Nakumbuka tranka lake la buluu limewekwa getini na yeye amelikalia, anasubiri gari. Sisi tulikuwa uwanjani tunacheza mpira. Tulimwona. Tuliendelea kucheza. Miaka zaidi ya thelathini imepita na jambo hilo bado linaniuma, kwamba hata maji ya kunywa hakuna aliyempelekea.

Mimi baada ya ile divisheni ya nne nilirudi Ifakara nikalima mpunga misimu miwili. Mwaka 1993 nikapata kazi ya uhudumu maabara ya hospitali: kufagia, kuchota maji, kuosha vioo vya kupimia damu. Mzee wa maabara alikuwa mkali kuhusu vioo. Alikuwa anakiinua dirishani, akiona alama ya kidole anakirudisha kwenye ndoo. "Ukiacha uchafu hapa," anasema, "mwenzako atasoma malaria ambayo haipo, na mgonjwa atameza dawa za bure." Baada ya miezi akaniruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Nikaona vimelea vya malaria kwa mara ya kwanza, vipete vidogo vya zambarau ndani ya chembe nyekundu. Kitabuni nilikuwa nimekariri tu.

Mwaka 1994 asubuhi moja natoka zamu ya usiku, getini kuna mama anauza vitumbua, mtoto kamshika kanga. Ni yeye. Niliona aibu kuliko yeye. Akacheka, akanipa vitumbua viwili, akauliza, "Uko maabara? Kwa hiyo unaona seli kila siku!" Hakuuliza mshahara. Aliuliza seli.

Ndipo tukaanza. Jioni nikitoka kazini nilipita kwao, mtoto amelala, tunafungua madaftari juu ya gunia. Yeye hakuwa na cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo ilimbidi afanye kwanza QT, mtihani wa kupima kama anafaa kufanya ule wa kidato cha nne, kisha mtihani wenyewe kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi nilikuwa narudia Kemia na Baiolojia. Baiolojia alinifundisha yeye, mimi nikamletea matumizi ya maabara kwa maneno, maana kuingia ndani alikuwa haruhusiwi. Ada ya mtihani aliilipa kwa vitumbua. Mimi nikapata C mbili, hospitali ikanipeleka kozi ya msaidizi wa maabara. Yeye akafaulu, akaenda uuguzi. Leo anasimamia wodi ya wazazi, na yule mtoto aliyeshika kanga ana watoto wake.

Katika picha yetu ya kuhitimu wako tisa ambao hawapo tena. Wengi wao waliondoka kabla ya Oktoba 2004, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure. Baadhi ya vipimo vilipita mikononi mwangu, na sitasema zaidi ya hapo. Kati yao kuna waliopata divisheni ya kwanza na waliopata sifuri.

Kwa hiyo, mwanangu, unaponiuliza kama kufeli ni bahati, mimi naona ulizia jambo lingine: baada ya kuanguka, nani alipata pa kujaribia tena? Wa malori alikuwa na baba. Mimi nilikuwa na mzee wa maabara. Mama wa vitumbua alijitengenezea mwenyewe. Wa mkokoteni hakupata, na akili alikuwa nayo, nilikaa naye dawati moja, najua.

Wewe pa kujaribia unapo, tena kuliko sisi. Masomo uliyokwama unaweza kuyarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vyuo vya VETA vinafundisha ufundi bila kudai divisheni. Ngazi ya cheti kwenye vyuo vya kati wanaangalia ufaulu wa masomo manne, na ukitaka afya, Fizikia, Kemia na Baiolojia zitakuwa na uzito. Na kama una dada au jirani aliyeachishwa shule kwa mimba, mwambie tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua. Wengi vijijini bado hawajui.

Nitajie masomo yako yote na alama zake, D ni zipi na F ni zipi, na unaishi mkoa gani. Nikitoka zamu kesho jioni nitakaa nikuandikie ni kozi zipi unaweza kuomba na nini cha kurudia kwanza.