Ni Fahari, kwa R

Jumatano iliyopita nimekabidhiwa cheti cha kuzaliwa chenye jina langu la ukoo lilivyo: Fahari. Miaka 34 nimeishi na kile kilichoandikwa Fahali.

Watu huniambia, "Si herufi moja tu?" Jamani! Fahari ni utukufu, jambo la kujivunia. Fahali ni dume la ng'ombe. Yote mawili tumeyapata Kiarabu, ila moja ni fakhr na jingine fahl, hayana undugu. Babu alimpa baba jina hilo baada ya kuzika watoto wawili. Yeye ndiye aliyeishi.

Darasa la tatu mwalimu aliita, "Fahali!" na madawati ya nyuma yote yakalia mooo. Mpaka leo mtu akitaja fahali wawili na zizi lao, nanyong'onyea.

Lakini hilo la utotoni. Mwaka jana baba alifariki, tukaanza kushughulikia mirathi. Karani akaweka vyeti viwili sambamba, akagonga ile L kwa kalamu: "Dada, marehemu ni Fahari, wewe Fahali. Baba yako ni yupi?" Nilikuwa bado na kanga ya msiba kichwani. Nililia palepale dirishani.

Simlaumu mtu kwa lafudhi ya kwao. Alfabeti ya Kikuyu haina L kabisa, na zipo lugha zetu nyingi ambazo L na R ni sauti moja. Ninacholaumu ni kutouliza. Hebu mwandikie mkweo kwamba unaleta mahali badala ya mahari, uone.

Basi wewe unayetafuta kazi, unayemwandikisha mtoto, nisikilize. Jina lako litaje herufi kwa herufi. Mimi husema "R ya Rufiji". Soma fomu kabla hujasaini. Isome tena. Usikubali kuambiwa "tutarekebisha baadaye", kwa sababu baadaye hiyo mimi nimeilipia kiapo kwa wakili, nauli, na miezi 7 ya njoo kesho. Jina ni urithi wa kwanza kabla ya shamba na nyumba, na mzazi asiyelisoma kwenye cheti cha mwanawe anamwachia mtoto deni. Kisome leo!

Cheti kipya nilimpelekea mama. Kusoma kwake ni kwa shida, lakini ile R aliitafuta mwenyewe, akaiwekea kidole, akaniambia nilisome jina lote kwa sauti.